Sura ya Sita: Kabureta Kwenye Baridi na Ukungu

Skuta iliyonunuliwa Kariakoo na kupakiwa kwenye lori hadi Njombe hushushwa ikiwa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana huo itawaka bila shida. Kesho yake alfajiri, mwezi wa Julai, ukungu umetanda barabarani na joto limeshuka chini ya nyuzi 10, itagoma. Mwenyewe atabonyeza stata mpaka betri ichoke, atahamia kwenye kiki, na mwisho ataisukuma hadi kwa fundi. Na fundi, mara nyingi mno, atashika bisibisi kabla hajauliza swali hata moja.

Bisibisi hiyo ndiyo inayonitia hofu. Skrubu ya kabureta ni ndogo, inafikika kirahisi, na ukiigeuza injini hubadili sauti papo hapo, kwa hiyo kila mtu huiamini. Lakini skuta iliyotoka pwani kwenda nyanda za juu imekutana na mambo matatu kwa mpigo: mwinuko, baridi na unyevu. Mawili ya kwanza yanavutana, kila moja upande wake. La tatu haliponi kwa skrubu kabisa. Asiyejua ni lipi linalomsumbua atageuza skrubu mwaka mzima, na kila mgeuzo utaficha kosa moja na kuzaa jingine.

Tuanze na kazi yenyewe. Pistoni inaposhuka huvuta hewa kupitia koo la kabureta. Koo hilo limebanwa katikati. Hewa ikipita penye ufinyu huongeza kasi na shinikizo lake hupungua, na upungufu huo ndio unaofyonza petroli kutoka kwenye bakuli lililo chini. Hakuna pampu ya kupimia wala kompyuta. Kinachoamua petroli itoke kiasi gani ni upana wa matundu ya jeti. Jeti kubwa huilisha injini ikiwa inakimbia. Jeti ndogo, ambayo mafundi wengi huiita sloo jeti, huilisha ukiwa umeachia mafuta, yaani kwenye sailensi, na pale mwanzo kabisa unapoanza kuvuta. Matatizo ya asubuhi ya baridi karibu yote yako upande wa jeti ndogo. Ndiyo maana skuta inaweza kugoma alfajiri, halafu saa nne ikapanda mlima bila kulalamika.

Petroli huungua vizuri ikiwa kila gramu moja inapata gramu 14.7 za hewa. Tunazungumzia uzito wa hewa, na hapo ndipo mwinuko unapoingia. Hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30 ina uzito wa karibu kilo 1.16 kwa mita moja ya ujazo. Njombe, kwa nyuzi 10, ni karibu kilo 0.98, pungufu ya asilimia 16 hivi. Hewa ikiwa nyepesi, petroli inayofyonzwa nayo hupungua, ila haipungui kwa kiwango kilekile, hivyo mchanganyiko unakuwa mzito kwa takriban asilimia 9. Kwa lugha ya gereji: mwinuko unazidisha petroli.

Baridi hufanya kinyume. Hewa ya baridi ni nzito, kwa hiyo mahali palepale, ukilinganisha asubuhi yenye nyuzi 5 na mchana wenye nyuzi 25, mchanganyiko wa asubuhi ni mwepesi kwa asilimia 3 au 4. Hiyo ni tofauti ndogo, haiwezi kugomesha injini nzima. Kinachoigomesha ni kwamba petroli ikiwa majimaji haiwaki; kinachowaka ni mvuke wake. Chuma kikiwa cha baridi, sehemu kubwa ya petroli hunata kama matone kwenye kuta za bomba linaloingia kwenye injini, na hewa inayofika kwenye plagi huwa na mvuke kiduchu. Petroli imo ndani, tena nyingi, lakini cheche haipati cha kuwasha. Kazi ya choki ni kumwaga petroli ya ziada ili hata huo mvuke mchache utoshe.

Sasa unyevu. Wengi wanaoishi penye ukungu wataapa kwamba ukungu huingia kwenye kabureta na kuharibu mchanganyiko. Hesabu inakataa. Hewa ya Njombe iliyojaa ukungu, kwa nyuzi 10, hubeba gramu 9 hivi za mvuke wa maji katika mita moja ya ujazo. Hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 hubeba karibu gramu 23. Skuta ilikuwa ikivuta maji mengi zaidi ilipokuwa Magomeni. Ukungu una madhara, tena makubwa, lakini unapitia milango mingine: waya wa plagi, petroli yenyewe, na barafu. Nitaufungua kila mlango kwa zamu yake.

Kabla ya yote, angalia unavyoiwasha. Choki ya skuta nyingi haizibi hewa kwa kifuniko. Inafungua njia ndogo ya pembeni inayopitisha petroli ya ziada, na petroli hiyo hupanda kwa kufyonzwa tu. Ukivuta mafuta wakati unapiga kiki, unafungua koo zima, mfyonzo unapotea, na petroli ya choki haipandi. Nimewaona madereva wazuri, watu wa miaka mingi barabarani, wakizungusha mkono wa mafuta kwa nguvu kila wanapopiga kiki asubuhi ya baridi, na ndiyo sababu hasa haiwaki. Acha mkono wa mafuta. Piga kiki mara kadhaa ukiwa umeuachia kabisa. Ikishika, iache iungurume nusu dakika au dakika nzima kabla hujagusa chochote.

Skuta nyingi za Kichina za cc 125 na 150 zilizoko kwetu zina injini ya aina ya GY6, ambayo asili yake ni usanifu wa Honda, na choki yake hujiendesha yenyewe. Ni kidude cheusi cha duara chenye nyaya mbili, kimekaa ubavuni mwa kabureta. Ndani yake kuna nta. Injini ikishawaka, umeme huipasha nta, nta hutanuka na kusukuma kipini kinachoziba ile njia ya petroli ya ziada. Kidude hiki ndicho cha kwanza kuchunguzwa, lakini watu wengi hawajui hata kama kipo. Kifungue injini ikiwa baridi, tazama urefu wa kipini, kisha unga nyaya zake kwenye betri ya volti 12. Ndani ya dakika tano hivi kidude kinapaswa kupata joto na kipini kuwa kimetoka milimita kadhaa. Kipini kisipotoka, skuta itawaka vizuri alfajiri, lakini mchana itakunywa petroli na kutoa moshi mweusi. Kikiganda kikiwa nje, itagoma kila asubuhi. Anayetibu hali ya kwanza kwa kupunguza petroli kwenye skrubu ameilaza njaa jeti ndogo, na msimu wa baridi ukianza tatizo litakuwa kubwa maradufu.

Petroli yenyewe nayo ichunguzwe. Uwezo wa petroli kuwaka kwenye baridi unategemea zile sehemu zake nyepesi zinazopaa haraka, na hizo ndizo za kwanza kutoroka ikikaa. Petroli ya chupa za plastiki inayouzwa kando ya barabara, iliyopigwa jua siku nyingi huku kifuniko kikiwa kimelegea, inaweza kuendesha injini iliyokwisha kupata moto lakini ikashindwa kuiwasha ikiwa baridi. Iliyochanganywa na mafuta ya taa ni mbaya zaidi, maana mafuta ya taa hayapai kirahisi kwenye baridi. Uchakachuaji huo ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti huduma za nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa tamaa ya kuyachanganya. Anayeishi penye baridi anunue kwenye kituo chenye wateja wengi, ambako petroli haikai.

Maji katika petroli huonekana kwa macho, na kila mwenye skuta anaweza kuyatafuta mwenyewe. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kutolea petroli na kimrija kidogo. Elekeza kimrija kwenye chupa nyeupe ya kioo, legeza skrubu, acha bakuli limwagike lote, kisha iinamishe chupa taratibu kwenye mwanga. Petroli ni nyepesi kuliko maji na haichanganyiki nayo. Kama kuna maji utayaona chini, vijiduara vinavyong'aa, vikibiringika kwenye sakafu ya chupa na kukutana kuwa tone moja. Tone dogo kama punje ya mtama linatosha kuziba jeti ndogo, maana maji hukaa chini kabisa ya bakuli, karibu na mahali jeti inapofyonza. Yanaingia kupitia faneli iliyolowa, kifuniko cha tangi chenye mpira uliochoka, au skuta iliyooshwa kwa maji ya presha. Ukiyakuta, mwaga bakuli, kisha rudia kesho na keshokutwa mpaka chupa iwe safi. Hakuna mpangilio wa skrubu utakaoendesha injini kwa maji.

Jeti ndogo ina tundu la kama theluthi moja ya milimita. Skuta ikikaa wiki kadhaa bila kuwashwa, petroli hukauka ndani yake na kuacha utando wa kahawia usioonekana kwa haraka. Kwenye joto la pwani tundu lililoziba nusu bado linaweza kupitisha petroli ya kutosha kuwasha. Kwenye baridi haliwezi, ndipo watu husema baridi imeharibu kabureta, ilhali utando ulikuwepo tangu Dar es Salaam. Itoe jeti, iinue kwenye mwanga, utafute duara kamili la mwanga. Isafishe kwa dawa ya kupuliza ya kabureta na upepo wa kompresa. Kama ni lazima kuchokoa, tumia uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Sindano na waya wa chuma hupanua tundu, na jeti iliyopanuliwa hairudi.

Mlango wa umeme husahaulika kwa sababu jina la ugonjwa tayari limeshakuwa "kabureta". Subiri giza liingie, washa injini, kisha pulizia maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia kwenye waya mnene unaotoka koili hadi kofia ya plagi. Waya ukiwa na ufa utaona nuru ya buluu ikitambaa juu yake, na injini itakosakosa. Hicho ndicho ukungu unachofanya kila asubuhi. Badilisha waya na kofia, bei yake ni ndogo. Plagi nayo itolewe: iliyopakwa masizi makavu meusi inasema petroli imezidi, iliyo nyeupe kabisa inasema hewa imezidi, na rangi ya kahawia hafifu ni habari njema. Pengo lake kwa GY6 ni milimita 0.6 hadi 0.7. Halafu ukague mpira unaounganisha kabureta na injini. Mpira mkavu hukakamaa kwenye baridi na kupasuka, ukivuta hewa ambayo haikupita kwenye kabureta. Ukiunyunyizia maji injini ikiwa kwenye sailensi na sauti ikabadilika, hewa inaingilia hapo.

Hayo yote yakiwa sawa, sasa bisibisi inaruhusiwa.

Endesha skuta robo saa kwanza, maana kuipanga injini ya baridi ni kuipangia choki. Kisha tambua skrubu uliyonayo, na hapa makosa ni mengi kuliko mahali pengine popote. Skrubu ya mchanganyiko iliyokaa upande wa injini hudhibiti petroli: ukiifungua unaongeza petroli. Iliyokaa upande wa airklina hudhibiti hewa: ukiifungua unaongeza hewa, na petroli inapungua. Ni pande mbili kinyume kabisa. GY6 na Vespa nyingi zina ile ya upande wa injini. Pikipiki nyingi za bodaboda zina ile ya hewa. Fundi aliyezoea bodaboda akiishika skuta kwa mazoea, ataikausha akidhani anaishibisha.

Ifunge taratibu mpaka iguse mwisho, ukihesabu mizunguko, bila kukaza, kwani ncha yake ni nyembamba na hukwaruza kiti chake. Andika ulichohesabu. Ifungue mizunguko 2, washa, kisha igeuze robo mzunguko kwa kila hatua, ukisubiri kidogo kati ya hatua na hatua ili injini ijibu. Sauti itapanda, itafika kilele, kisha itaanza kuwa nzito na kuyumba. Rudi kwenye kilele. Sasa tumia skrubu nyingine, ile ya sailensi, kuishusha injini hadi mwendo wake wa kawaida, ambao kwa GY6 ni takriban mizunguko 1,600 hadi 1,700 kwa dakika. Rudia mara moja zaidi. Mwisho, kwa ajili ya asubuhi za Julai, ongeza moja ya nane ya mzunguko upande wa petroli. Usizidishe hapo, usije ukapaka plagi masizi.

Kuna njia ya mkato ambayo mwenye skuta huletewa kwa moyo mwema kabisa.

"Fundi, chombo kinazimika kila nikiachia mafuta."

"Usijali mama, nakupandishia sailensi kidogo tu."

Skuta haina gia ya kukanyaga. Klachi yake hushika yenyewe injini ikipata mwendo. Sailensi ikipandishwa mno, klachi huanza kushika wakati hujavuta mafuta, na skuta husukuma mbele huku umesimama penye utelezi au kwenye kivuko cha watoto wa shule. Isimamishe kwenye stendi ya kati, iwashe, kisha tazama tairi la nyuma. Likizunguka polepole bila nguvu, ukilizuia kwa breki likatii na injini isizimike, ni sawa. Likizunguka kwa nguvu, mwambie fundi airudishe chini na atafute sababu halisi ya kuzimika.

Barafu ni ugonjwa wa pekee. Petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto la hewa na chuma kilicho karibu, na joto ndani ya koo la kabureta linaweza kushuka kwa nyuzi 20 au zaidi. Nje ni nyuzi 8 na ukungu. Ndani, pembeni mwa kipepeo kinachofungua na kufunga hewa, maji ya ukungu yanaganda. Marubani wanaifahamu hatari hii tangu zamani, ndiyo maana ndege ndogo zenye kabureta huwekwa kishikio cha kuingiza hewa ya moto. Hata baadhi ya pikipiki za Kawasaki na Yamaha zilizouzwa Uingereza zilifungwa vipasha-joto vya umeme kwenye kabureta. Kwetu dalili zake ni hizi: umekwenda kwa mwendo mmoja kilomita kadhaa ndani ya ukungu, tuseme barabara ya Makete au miteremko ya Limuru, injini inaanza kupoteza nguvu, ukiachia mafuta inazimika. Unasubiri dakika kumi, inawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Joto la injini limeyeyusha barafu, na fundi akifika hakuna cha kuona. Usimruhusu ageuze chochote. Rudisha makava yote ya plastiki yaliyotolewa "ili injini ipumue", kwa sababu ndiyo yanayohifadhi joto kuzunguka kabureta, na unapopita kwenye ukungu usishikilie mafuta mahali pamoja kwa muda mrefu.

Limebaki suala la mwinuko. Kama skuta sasa ni ya Njombe moja kwa moja, na ukivuta mafuta yote inakuwa nzito na plagi inatoka nyeusi, jeti kubwa ipunguzwe. Kwa jeti zinazohesabiwa kwa upana wa tundu, kama za Dell'Orto, kutoka 105 kwenda 100 hupunguza eneo la tundu kwa asilimia 9 hivi, kiasi kilekile tulichokiona kwenye hesabu ya mwinuko. Kabureta za GY6 hujirekebisha kwa sehemu, kwa hiyo jaribu kwanza kabla ya kununua. Na ujue kwamba nguvu iliyopotea kwa sababu ya hewa nyepesi haitarudi kwa jeti wala skrubu. Ikiwa imepangwa vizuri na bado inapanda mlima polepole kuliko ilivyokuwa pwani, iko sawa.

Wenye Vespa za zamani wawe waangalifu kuliko wote. Mashine hiyo, iliyoanza kutengenezwa Pontedera, Italia, mwaka 1946 kwa usanifu wa mhandisi wa ndege Corradino D'Ascanio, kwa miaka mingi ilitumia injini ya mipigo miwili, ambayo hupata oili kupitia petroli ileile. Ukipunguza petroli umepunguza na oili. Unguja na Pemba, ambako Vespa bado zinapendwa sana, hakuna anayehitaji kugusa jeti kwa sababu ya baridi. Ila ikipelekwa Lushoto au Mbeya, afadhali ibaki nzito kidogo kuliko kuwa nyepesi.

Nakuomba jambo moja. Chukua karatasi, andika mizunguko ya skrubu, namba za jeti zote mbili, pengo la plagi na mahali skuta ilipopangwa, uifunge kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka chini ya siti. Kila fundi aisome kabla ya kushika bisibisi, na akibadili chochote aongeze mstari. Siku ukiiuza au kuirudisha pwani, mkabidhi anayeipokea karatasi hiyo mkononi, kwa sababu jeti ya 100 iliyofungwa kwa ajili ya Njombe inaweza kuunguza pistoni ikifika Tanga.